Betri mbili za gari zimekufa ndani ya miezi minane: je, nikope ninunue lithiamu?

Swali: "Kaka mhandisi, assalaam aleikum. Nauza samaki na barafu za ukwaju hapa Makorora, Tanga. Nina friza moja, feni, taa tatu na televisheni. Umeme ukikatika jioni mzigo unaharibika. Mwaka jana fundi alinifungia inveta na betri mbili za gari, hazikumaliza miezi minane. Sasa fundi mwingine ananiambia ninunue betri ya lithiamu ya uniti tano kwa shilingi milioni 3.2, au betri mbili za gel za Ah 200 kwa milioni 1.5. Kikundi chetu kiko tayari kunikopesha. Lithiamu ni kweli au ni maneno ya biashara? Na hao wanaosema nchi kubwa siku hizi zinawasha taa za usiku kwa jua la mchana, wanasema kweli?"

Jibu:

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na mkopo, maana kikundi kinasubiri: usiuchukue bado. Lithiamu ni kweli tupu, na nitakueleza kwa nini. Lakini betri uliyotajiwa ni kubwa kuliko usiku wako. Huyo fundi hajaupima usiku wako, na wewe mwenyewe hujaupima.

Nikueleze kwanza zile mbili zilikufaje, kwa sababu mwenye kununua betri bila kujua ya kwanza iliuawa na nini huiua na ya pili.

Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi moja: kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha gari lenyewe liijaze papo hapo. Kwa ajili hiyo sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi. Wewe ukaipa kazi nyingine kabisa, kuchuruzika polepole tangu magharibi mpaka alfajiri. Kila betri ya risasi inapotoa umeme, sahani zake hufanya utando wa salfeti. Ukiichaji mapema ikajaa, utando unayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha tupu mpaka kesho, na kesho isijae, utando unageuka kuwa fuwele ngumu, na sehemu hiyo ya sahani haitafanya kazi tena. Kesho yake betri inajaa upesi zaidi, unafurahi, kumbe imejaa upesi kwa sababu imebaki ndogo.

Kuna namba tatu ningependa uzishike. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa, ikapumzika saa chache bila kufanya kazi, husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, imekwisha, hata kama taa bado inawaka. Inveta nyingi za bei nafuu hazikati mpaka volti 10.5, yaani zinakuachia uinyonye betri hadi mfupani. Sina shaka zako zilinyonywa hivyo usiku baada ya usiku.

Halafu kuna joto letu. Maisha ya betri yanayoandikwa kwenye karatasi ya kiwandani ni ya nyuzi 25. Kwa betri ya risasi, kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza maisha hayo kwa karibu nusu. Miaka fulani, msimu wa kaskazi umekolea, niliitwa nyumba moja Kigombe, betri zimewekwa juu ya kabati chini ya bati. Nilipozigusa ubavuni nikautoa mkono. Kufungua vifuniko, maji yameshuka chini ya ncha za sahani, na ncha zenyewe zimekuwa nyeupe kama chokaa. Mwenye nyumba alikuwa mwangalifu, akiongeza maji kila wiki, lakini ya kisima, na kisima cha pwani kina chumvi. Hakuna aliyemwambia kwamba betri haitaki maji ya kisima wala asidi mpya. Inataka maji maalumu yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwenye chupa kwa ajili ya betri, basi. Zilikuwa na umri wa miezi kumi.

Sasa tuupime usiku wako. Huhitaji kifaa chochote, mita ya LUKU unayo. Kwa siku saba ambazo umeme haukukatika, andika kwenye daftari uniti (yaani kilowati-saa, wati 1,000 kwa saa moja) zilizobaki saa 12 jioni, kisha andika tena saa 12 asubuhi. Toa ya asubuhi kwenye ya jioni. Hicho ndicho usiku wako unachokula, na hakuna fundi anayeweza kukubishia.

Kwa makadirio yangu, kutokana na vifaa ulivyotaja, friza ya kawaida ya duka dogo huvuta kama wati 150 kompresa inapofanya kazi, na kompresa haifanyi kazi muda wote. Tuseme nusu ya usiku: saa 12 zinakula uniti 0.9. Feni ya wati 50 kwa saa nane ni 0.4. Televisheni ya wati 60 kwa saa tatu haifiki 0.2. Taa tatu za LED mpaka saa 5 usiku ni kama 0.13. Jumla uniti 1.6, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta inakaribia 1.9. Umeambiwa ununue uniti tano. Lithiamu inaruhusu utumie asilimia 80 mpaka 90 ya kilichomo bila kuumia, kwa hiyo hata ile ndogo ya volti 25.6 na Ah (ampea-saa) 100, ambayo ukizidisha ni uniti 2.56, itakupa zaidi ya uniti mbili. Inatosha usiku mzima wa giza, na umeme kukatika usiku mzima si kila siku.

Kuhusu gel na lithiamu, linganisha bei ya uniti moja iliyohifadhiwa, uache bei ya dukani. Gel nayo ni betri ya risasi, ila asidi yake ni nzito kama jeli. Mbili za volti 12 na Ah 200 ni uniti 4.8, lakini ukitaka zidumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 2.4 kwa usiku. Kwa joto la hapa mimi huhesabu kama mizunguko 600 ya namna hiyo. Ukigawa milioni 1.5 kwa uniti 1,440, kila uniti unayoiweka na kuitoa imekugharimu zaidi ya shilingi 1,000. Ile lithiamu ya milioni 3.2, ikitumika ipasavyo kwa mizunguko 4,000, na hiyo ni hesabu ya kawaida kwa aina ya chuma na fosfeti, inashuka mpaka shilingi 200 hivi kwa uniti. Tofauti ni mara tano. Kwa hiyo katika hizo mbili, gel ndiyo ghali, ingawa dukani inaonekana rahisi.

Lakini hapo ndipo fundi wako aliponyamaza. Shilingi 200 inapatikana kwa mtu anayeijaza na kuimaliza kila siku. Wewe utatumia uniti mbili kwenye betri ya tano. Hata ukiitumia hivyo kila usiku kwa miaka kumi, kila uniti itakuwa imekugharimu zaidi ya shilingi 400. Uniti ya LUKU kwa wasio kwenye daraja la matumizi madogo imekuwa shilingi 292 kabla ya kodi, karibu 356 pamoja na tozo zake. Maana yake, kuhifadhi peke yake kunakula pesa kuliko kununua umeme mpya, na hapo hatujahesabu umeme wenyewe wa kuijaza. Kwa mtu mwenye mita, betri haipunguzi gharama ya umeme. Inalinda mzigo. Pima basi thamani yake kwa ndoo za samaki ulizotupa mwaka jana. Kama ulipoteza vibua na changu wa laki nne kwa mwaka, betri ndogo ina maana kubwa. Kama ulipoteza wa elfu sitini, haina.

Paneli ni jambo tofauti. Kilowati moja ya paneli juu ya bati la Tanga hutoa kama uniti nne kwa siku ukichanganya siku njema na mbaya, na friza yako mchana inafanya kazi kuliko usiku. Uniti hizo hazipiti kwenye betri, zinaingia moja kwa moja kwenye kompresa. Zikitumika zote ni karibu shilingi laki tano kwa mwaka ambazo hukununulia LUKU. Kwa hiyo ukipata fedha ya ziada, paneli zitangulie, betri ndogo ifuate. Wengi wanafunga kinyume, betri kubwa na paneli mbili, halafu betri haijai hata siku moja. Betri ya risasi isiyojaa ndiyo hiyo niliyokueleza, inakufa.

Nimeacha makusudi jambo ninalolipenda zaidi katika swali lako, na huenda hukuliona kama sehemu ya swali. Wewe unauza barafu. Barafu ni hifadhi ya nishati, na kwa kazi yako inaishinda betri.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kilojuli 334. Chukua chupa 12 za lita moja na nusu, zijaze maji usifike juu kabisa maana maji yakiganda hutanuka, uzigandishe mchana. Hizo ni kilo 18, na ubaridi uliomo ni zaidi ya uniti moja na nusu. Friza yako inatumia zaidi ya uniti moja ya umeme kuutengeneza. Betri ya gari ya Ah 100, ukiitumia nusu kama inavyotakiwa, inakupa uniti 0.6. Chupa kumi na mbili za maji, ambazo zinaokotwa bure pale stendi, zinabeba kazi ya karibu betri mbili za gari, na hazifi.

Ila kuna ujanja mmoja lazima uujue, la sivyo utanilaumu. Barafu ya maji matupu inayeyuka kwenye sifuri, na samaki aliyegandishwa huanza kulainika kabla ya hapo. Kwa samaki wa kuuzwa kesho asubuhi, barafu ya kawaida inatosha. Wapange kwenye deli, tabaka la barafu, tabaka la samaki, tundu la maji chini likiwa wazi. Kwa wale walioganda, weka chumvi kwenye maji ya chupa: kilo moja kwa lita kumi. Maji hayo huanza kuganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, na yakishaganda ndani ya friza yako yatashikilia ubaridi huo huku yakiyeyuka pole pole, samaki akabaki mgumu. Funga chupa za chumvi kitambaa chekundu shingoni mtoto asije akawanywesha wageni. Zipange ubavuni na juu, maana baridi hushuka.

Umeme ukikatika saa 1 jioni ukarudi saa 5, friza iliyojaa namna hiyo, mpira wa mlango ukiwa mzima, haihitaji betri kabisa. Inahitaji isifunguliwe. Kinachokuponza ni biashara: mteja wa barafu ya ukwaju anakuja kila dakika kumi na mfuniko unafunguliwa. Watenge. Barafu za kuuza jioni zihamie kwenye deli saa 11, friza ifungwe mpaka asubuhi. Mama mmoja wa Sahare nilimshauri hivyo kabla hajanunua chochote, na mwishowe alichohitaji usiku ni taa, feni na simu tu, yaani uniti 0.7. Cha kuvunda hakina ubani, wasema wazee, na ni kweli, lakini samaki wako hajafika huko. Anahitaji saa chache tu za ubaridi.

Sasa la nchi kubwa. Wanasema kweli, na nafurahi umeuliza, kwa sababu nimeishi kuliona likigeuka. Nilipoanza kazi hii betri ilikuwa kitu cha kijiji kisicho na nguzo. Leo ni mtambo wa gridi. Mwaka 2010 pakiti ya lithiamu iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti ya ukubwa. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Kushuka huko ndiko kulikobadili kila kitu. Huko California, Marekani, ambako paneli ni nyingi mno, tatizo halikuwa tena mchana. Lilikuwa saa ile jua linapozama na watu wote wanarudi nyumbani kuwasha vitu kwa pamoja. Aprili 2024 jimbo hilo lilivuka megawati 10,000 za betri, na jioni fulani za mwezi huohuo betri zilikuwa, kwa muda, chanzo kikubwa kuliko vyote kwenye gridi yao. Jua la saa 7 mchana liliwasha taa za saa 2 usiku, kama ulivyoambiwa.

Kazi nyingine ya betri haionekani, na kwangu ndiyo nzuri zaidi. Gridi ya kwetu inazunguka kwa mapigo 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, mapigo yanashuka, na yakishuka mno mitambo mingine inajizima kujiokoa, nchi nzima ikawa giza. Lango la maji la bwawa linahitaji sekunde kadhaa kufunguka zaidi. Betri inajibu kabla hujapepesa jicho. Jimbo la South Australia lilizimika lote kwa dhoruba Septemba 2016, na mwishoni mwa 2017, huko Hornsdale jimboni humo, ikawashwa betri ya megawati 100 kulinda mapigo hayo. Wakati ule ilikuwa kubwa kuliko zote za lithiamu duniani. Baada yake wengi wakafuata.

Kwetu Tanzania nisingeiga kila kitu. Sisi tuna hifadhi kubwa tayari, nayo ni maji. Mkoa wetu wenyewe una Hale, megawati 21, na Pangani Mpya, megawati 68, zote zikinywa mto uleule unaotunzwa na bwawa la Nyumba ya Mungu huko juu. Kule Rufiji, Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa, jumla megawati 2,115. Kila megawati ya jua inayoingia mchana, kama ule mradi wa Kishapu kule Shinyanga unaoanza na megawati 50, ni maji yaliyobaki bwawani kwa ajili ya jioni. Kwa hiyo jua letu linaweza kuhifadhiwa bwawani kabla hatujanunua betri hata moja ya gridi. Betri ningeziweka mwisho wa nyaya ndefu, kule ambako umeme unafika umechoka, na kwenye visiwa na vijiji vya wavuvi ambavyo leo vinaendesha jenereta za dizeli. Na inaniuma kidogo kwamba madini ya kinywe, yanayofanya upande mmoja wa karibu kila betri ya lithiamu, tunayo tele pale Mahenge, na betri tunaagiza nje.

Betri haiwezi masika, na usikubali kuambiwa vinginevyo. Inahamisha umeme wa mchana kwenda usiku. Haihamishi wa Februari kwenda Mei. Wiki ile ya Aprili mvua isiyokatika, paneli zako zitatoa robo tu ya kawaida, na betri iwe ya uniti tano au hamsini, itaisha. Siku hizo utategemea gridi, kwa hiyo mita yako usiiachilie.

Ukifika wakati wa kununua, uliza kwa jina: ya chuma na fosfeti, herufi LFP kwenye lebo. Ni tulivu kwa joto kuliko zile za nikeli na kobalti. Inveta iwe ile inayotoa umeme laini kama wa gridi, si ile inayofanya feni ingurume, na iwe ya wati 1,000 au zaidi, maana kompresa inapoanza huvuta mara tatu mpaka sita ya kawaida yake. Na kabla hujalipa, ipimwe mbele yako: ijazwe, iwekewe mzigo unaojulikana kwa saa. Betri ya uniti 2.56 yenye mzigo wa wati 500 inapaswa kwenda saa nne na nusu hivi. Ikizima baada ya saa mbili, ndani kuna seli kuukuu zilizotolewa kwingine na kuvikwa boksi jipya. Nimezikuta mara mbili, na mara zote mwenye betri alikuwa ameshalipa. Iweke chini, chumba chenye hewa, mbali na jiko la mkaa, na upake grisi vichwani kwa ajili ya upepo wa chumvi.

La mwisho ni zile mbili zilizokufa. Ziko wapi? Kama ziko uani, zihamishe leo mbali na watoto. Nimeona vijana ufukweni wakivunja betri kama hizo, wakamwaga asidi mchangani, wakayeyusha sahani kwenye sufuria kutengeneza chubwi za mishipi. Moshi ule na vumbi lile la risasi huingia kwenye ubongo wa mtoto, na madhara yake hayatoki. Ziuze nzima nzima, maji yakiwa ndani, kwa mnunuzi wa chakavu anayezipeleka kiwandani bila kuzipasua. Anayekuomba umwage asidi kwanza ili apime uzito, mkatalie.

Kisha anza daftari lako la LUKU jioni hii. Ukizipata namba za usiku saba, nitumie pamoja na ukubwa wa friza, nami nitakuandikia betri ya kiasi gani, kama itabaki haja ya betri yoyote baada ya chupa zile kumi na mbili.